Alhamisi ni Zamu ya Mkeo

Lukozi, Lushoto
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Nathanaeli,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo yako uliyoituma kwa mdomo wa Abdi dereva imefika, nami naiitikia marahaba, tena kubwa. Hujambo lakini? Mkeo hajambo? Martin na Glory wanaendeleaje na masomo? Na kile kifua cha Glory ulichosema kinambana usiku, kimetulia? Mfunge kitambaa shingoni asubuhi. Huko Nakuru mnajifanya mmezoea baridi, lakini mtoto ni mtoto.

Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Shemeji yako Paskali anakusalimu, goti lake linamsumbua akishuka bondeni, akipanda halimsumbui, sijui ni goti la namna gani. Mama ni mzima, anakula vizuri, na anasema sana. Ukungu wa mwaka huu ulikaa mpaka tukachoka nao, sasa jua limerudi na miti ya matunda damu imeanza kutoa maua.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Nathani, kwenye simu siwezi. Nikikupigia, Mama anakuwa ameketi hapa pembeni yangu ameinamisha sikio, na wewe ukisikia sauti yake unasema tu mko salama, basi, simu inakatika. Lile ulilomwambia Abdi aniulize nisingeweza kulijibu namna hiyo. Abdi kaniambia umesema hivi: kabla hujamleta mkeo na watoto Krismasi, nikuambie ukweli watu wa huku wanawasemaje Wakenya siku hizi, maana hutaki Chepkemoi aje kutazamwa kama mtu aliyeingia shamba la watu. Mama hajui kama umeuliza. Yeye anajua unakuja. Ndiyo maana nakujibu kwa utaratibu, bila kukuficha kitu.

Ukweli wenyewe ni kwamba maneno yapo. Tangu litoke lile katazo la wageni kununua mazao shambani, sokoni hapa watu hawaongei kingine. Wapo waliofurahi sana. Dula, mtoto wa marehemu Mzee Amiri, ambaye sasa ni dalali wa karoti, alipita barabarani anapiga honi ya pikipiki kama vile timu yake imeshinda. Anasema wale wanunuzi wa Kenya walikuwa wanaingia mpaka kwenye matuta, wanapanga bei wao, sisi tunabaki kupokea. Siwezi kusema amedanganya. Hata mimi nimeshawahi kung'olewa karoti kabla hazijajaa kwa sababu lori la mtu lilikuwa na haraka.

Lakini wapo wanaolia. Evelina wa kwaya, yule mwenye mapengo, kabichi zake zimechelewa mpaka zimepasuka. Tulipotoka mazoezini alisema, “Wakenya walikuwa wakali wa bei, sawa. Sasa Dula ni mpole?” Tulicheka hadi mwalimu wa kwaya akatutazama vibaya. Kwa hiyo ukisikia kwamba watu wa huku wanawachukia Wakenya, si hivyo. Mtu akiuza vizuri anawapenda, akiuza vibaya anawalaumu, na mvua ikikosekana tunamlaumu mwenyekiti wa kijiji.

Mwezi uliopita wakaja vijana kutoka Dar es Salaam kukusanya maoni ya wananchi. Hapa kwetu alikuja msichana mmoja, Anitha, mwenye adabu zake, amebeba kishikwambi. Anauliza, je, nchi yetu iendelee kuwamo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, na je, raia wa nchi jirani waachwe waje kuishi na kufanya kazi hapa? Unachagua: unakubali sana, unakubali, upo katikati, hukubali, hukubali kabisa. Paskali alisema anakubali, ila wasije wote siku moja. Mimi nilisema tubaki kwenye Jumuiya, kwa sababu mdogo wangu yuko upande wa pili, na mlango ukifungwa unafungwa pande zote mbili. Nilipokwisha kusema hivyo machozi yakanilengalenga, nikaingia jikoni kama nimesikia chungu kinachemka.

Zamu ya Mama ilipofika, Anitha alimwuliza kwa heshima, “Bibi, mgeni kutoka nchi jirani aruhusiwe kuja kukaa hapa?”

Mama akamwambia, “Mgeni yupi?”

“Mgeni yeyote, bibi.”

“Yeyote simjui. Mimi ninaye mmoja, na bado hajaja. Hebu andika hivyo.”

Yule binti akahangaika na kishikwambi chake, hakuna mahali pa kuandika hivyo. Mwishoni akamweka katikati. Mama alikasirika mpaka jioni. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuwa katikati.

Mimi nilidhani yameishia hapo. Kumbe ndiyo kwanza Mama alikuwa ameanza.

Unakumbuka msaragambo wa mfereji. Utaratibu haujabadilika hata kidogo: kabla ya kupanda, kila mwenye shamba bondeni anakuja na jembe lake, anapimiwa kipande cha mfereji, anazoa tope na kukata majani. Asiyesafisha hapewi zamu ya maji, hata awe diwani. Msimamizi bado ni Mzee Issa, na bado ana ile fimbo yake. Basi Jumamosi ya msaragambo asubuhi tunateremka, namwona Mama ametangulia, na begani ana majembe mawili. Nikadhani ameniletea jingine. Nikanyoosha mkono, akanipiga kibao cha vidole. “Lako si unalo?”

Tulipofika, Dula akawa wa kwanza kuona. “Shikamoo Bibi Esteria. Jembe la pili la nini? Unaogopa la kwanza litachoka?”

“Marahaba. La mkwe wangu.”

“Mkwe yupi? Yule wa Nathani? Wa Kenya?” Watu wakaanza kucheka, Dula naye akapata nguvu. “Mgosi Issa, njoo usikie! Karoti tumewazuia wasizifuate shambani, sasa tunawapa na maji?”

Nathani, nakueleza kama nilivyoona. Wapo waliocheka kwa utani tu, na wapo waliotikisa vichwa kumuunga mkono Dula. Kuluthumu, yule jirani yetu muuza chai, alisema kwa sauti kwamba maji ya kiangazi hayatutoshi wenyewe, sembuse wageni. Nilijua unasubiri jibu langu, na jibu lilikuwa pale pale mfereji ulipo, halijulikani litaangukia upande gani. Niliomba kimya kimya, “Bwana, Mama asiaibike mbele ya watu.”

Mama hakutetereka. Akamwambia Dula, “Mwanangu, maneno yako yangekuwa jembe, kipande chako kingekuwa kimekwisha.”

Hapo ndipo walipocheka wote, hata Kuluthumu.

Mzee Issa akaja taratibu. “Esteria, huyo mkwe ana shamba?”

“Analo. Nimempimia kwa miguu yangu, kutoka kwenye mpea mpaka kwenye lile jiwe la kunolea visu. Nilivyowapimia wakwe wengine.”

“Na yeye mwenyewe yuko wapi?”

“Yuko kwake, analea wajukuu zangu. Jembe lake liko hapa.”

Mzee Issa akachorachora chini kwa fimbo. Kisha akasema kwamba mtu akisafiri, wa nyumbani mwake humshikia jembe, hilo halijaanza leo. Hata Dula alipokuwa Tanga msimu mzima, dada yake alimshikia, na maji yake hayakwenda kwa mtu. Dula akatazama chini. Basi akampimia Mama kipande cha pili, kile kibaya cha kwenye kona ambako tope hujaa. Nilitaka kumsaidia akakataa. Alimaliza chake, akabadilisha jembe, akaingia kwenye cha mkeo. Ndiyo, alibadilisha jembe kweli, la kwanza akaliegemeza kwenye mti, kana kwamba mtu mwingine ndiye anayelima.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali Mzee Issa alipovua viatu, akapita ndani ya mfereji kukagua. Kwenye kona akasimama, akachoma fimbo, haikuzama. “Kimesafishwa,” akasema. “Zamu ikifika nimwite nani?”

Sasa mdogo wangu, jina la mkeo Mama alikuwa haliwezi. Unajua mwenyewe alivyokuwa akimwita Mke wa Nathani miaka yote. Kumbe kila jioni akichambua maharage alikuwa analirudia peke yake, mimi nadhani anaimba. Pale mferejini akanyoosha mgongo akalisema lote, wazi, bila kujikwaa:

“Chepkemoi.”

“Chepkemoi,” akarudia Mzee Issa. “Alhamisi, baada ya Kuluthumu.”

Ndivyo ilivyokwisha. Ili usielewe vibaya, hakuna kilichoandikwa serikalini, ardhi ni ya ukoo vilevile, na najua sheria haimpi mgeni ardhi. Lakini shamba lile sasa lina mwenyewe. Mama amepanda maharage, yale mekundu yenye madoa ya marehemu Baba, na yameshaota.

Alhamisi ya kwanza nilikuwa nimempeleka Mama hospitali kupimwa macho. Zamu ya mkeo tuliisahau kabisa, tukakumbuka tukiwa njiani kurudi, na Mama akajilaumu njia nzima, maana zamu ikipita imepita. Tunafika bondeni tunakuta matuta yamelowa vizuri. Kuluthumu akatuambia Dula alipita na pikipiki yake, akaona maji yanakwenda bure, akaanza kupiga kelele, “Jamani, maji ya Mkenya yanapotea!” Alipoona hakuna anayekuja, akavua viatu, akafungulia mwenyewe. Nilipomshukuru akasema yeye hana habari na Wakenya, ila hawezi kutazama maji yakipotea. Mama alimpelekea mapea.

Tangu hapo shamba lile limepata jina. Watu wanaliita Kenya. Utasikia mtu anasema, “Asubuhi nimepita Kenya, maharage yanapendeza.” Juzi mbuzi wa Evelina alikatiza pale, Kuluthumu akapiga yowe kwamba mbuzi ameingia Kenya bila pasi. Kwa hiyo, Nathani, watu wa huku wanawasemaje Wakenya? Wanasema hivyo.

Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayemtazama. Watamtazama sana, maana wamemngoja, na maneno ya sokoni yataendelea kadiri bei inavyopanda na kushuka. Labda atatokea mtu mjinga wa kumwambia neno baya, na mimi nitakuwepo. Lakini hatafika kama mtu aliyeingia shamba la watu. Analo lake.

Mama amekataza mtu yeyote kuchuma hata jani moja la mboga pale. Anasema atakayevuna ni mwenye shamba. Yatakauka Krismasi, na wewe mtoto wa mkulima unajua maharage yaliyokauka hayamsubiri mtu, yanapasuka yanamwagika chini.

Nisalimie sana Chepkemoi, na umwambie jina lake huku linatamkwa. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Paskali, Evelina na wanakwaya wote wanakusalimu, Mzee Issa pia, na Dula kasema nikusalimie usipouliza bei ya karoti. Mungu wa baba yetu awafunike huko ugenini, awalinde barabarani, na atukutanishe tukiwa wazima wote.

Nimetazama kalenda ya usharika, Krismasi yenyewe mwaka huu inaangukia Alhamisi. Kwa hiyo jitahidini mfike Jumatano. Maharage wakati huo hayatataka maji tena, lakini zamu haiachwi ikapita, tutamwagilia kabichi za Mama. Ibada ni saa tatu, na tukitoka kanisani mkeo ana mfereji wa kufungulia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuombea kila jioni,

Marta