Jina langu kwenye orodha ya kompyuta

Jumanne.

Itangazwe rasmi kwamba leo mimi, mpiga chapa wa ofisi, nimeruhusiwa kuipangusa kompyuta vumbi.

Nikathubutu kuomba na mafunzo yake. Shefu, mkuu wetu wa ofisi, ambaye ndiye mwalimu, akacheka: “Mama Béa, hii ni ya baenjenia. Weye uko na mashini yako.”

Mashine yangu! Siku itakapotupwa, nitatupwa nayo. Wazo hilo halinitoki.

“Shefu, kitabu ya masomo, miye njo niliipiga chapa yote.”

Akafunga mlango, akashusha sauti. “Basi, kitufe ya kuwasha iko wapi?”

“Andika kwanza jina yangu kwenye orodha ya mafunzo.”

Akaandika. Nikamwonyesha: kiko nyuma.

Mafunzo yataanza siku umeme utakaporudi ofisini.