Pole ya Mlimani

Toronto, Kanada
12 Oktoba 1997

Mama mpendwa,

Kamwene, Mama. Najua anayekusomea ni dada Tumaini, na wewe umekaa kwenye kigoda chako karibu na moto. Basi Tumaini, soma taratibu, usiruke mahali hata ukiona habari za baiskeli zimezidi. Mguu unaendeleaje, Mama? Ile dawa ya kuchua niliyompa mchungaji ilifika, au imebaki kwenye begi lake? Mimi na Neema hatujambo. Bado tunakaa Parkdale, na mimi bado nakwenda Rexdale kwenye kiwanda cha mikate. Majani ya miti yamekuwa mekundu, na asubuhi nalisubiri basi nikiwa nimevaa glavu. Neema amekuwa mrefu kunipita. Nikimsemesha Kiswahili anasikia kila neno, ila anajibu Kiingereza.

Mama, nilikwenda Ufaransa na nimerudi salama.

Uliniambia kwenye simu kwamba hutakubali tumalize matanga ya kaka Lusungu mpaka mmoja wa watoto wako afike pale alipoangukia, aone kama alikufa peke yake njiani au kulikuwa na mtu. Dada naye akaniandikia kwamba watu wakija kukupa pole unawatazama tu, huwajibu. Kwa hiyo nilipopata likizo nikaenda. Jibu lako ninalo, lakini nikilisema peke yake halitaeleweka, kwa hiyo acha nianze mwanzo.

Nilipokelewa na mzee Marcel, yule aliyefanya kazi na kaka kwenye kiwanda cha jibini. Sasa amestaafu. Ni mtu mfupi, mwenye masikio makubwa, na mkono wake ni mgumu kama wa baba. Yeye hajui Kiingereza na mimi sijui Kifaransa. Binti yake, Claire, anajua lugha zote mbili, ndiye aliyekuwa mdomo wetu.

Asubuhi baada ya chai Claire akaniambia, "Baba anasema ukitaka kuijua njia ile, usiende kwa gari. Gari halipiti. Atakupa baiskeli ya Lusungu."

Nikamwambia, "Mimi ni mtu mzima. Baiskeli niliiacha kwetu, nikiwa na miguu ya msichana wa darasa la saba."

Mzee akanitazama miguu, akasema neno, Claire akacheka.

"Anasema nini?"

"Anasema Lusungu alimwambia kwamba kwenu hata magunia ya viazi hupanda baiskeli."

Nikafunga kilemba vizuri, nikapanda. Claire akasema atatuzungukia kwa barabara kubwa atungoje mwisho wa njia.

Mama, nchi ile ungeipenda. Haina milima mikali. Ni vilima vya kupanda na kushuka polepole, kimoja baada ya kingine, kama ng'ombe waliolala zizini. Ngano ilikuwa imeshavunwa, mashamba yamebaki ya rangi ya mkeka. Katikati yake kuna njia nyembamba za changarawe nyeupe, zina ua wa miti kila upande, na matairi yakipita juu yake yanalia kama mtu anayepepeta mahindi makavu. Mzee Marcel na wazee wenzake, ambao Lusungu alikuwa akiendesha baiskeli nao, wanaijua kila njia ya namna hiyo, na kila Jumapili wanatoka kundi zima kuzizunguka. Barabara ya lami wanaikimbia. Sisi kila uchaguzi tunamlilia mbunge atuletee lami, na wenzetu wana lami hadi mlangoni wanaikwepa wakatafute vumbi! Nilifikiri Lusungu lazima alicheka sana siku ya kwanza.

Baadaye nikamwelewa. Harufu ya vumbi lile baada ya manyunyu ni ile ile ya njia ya kwenda kisimani kwetu. Nilikumbuka alivyokuwa akinipakia kwenye keria kunipeleka shule, nawe umesimama mlangoni unapiga kelele, "Shika mkanda, usishike shati, utalichana!" Na shati nililichana.

Tulipofika kilima cha kwanza nilianza kuhema. Mzee Marcel akaja ubavuni kwangu, akanitazama kwa upole, akasema, "Pole."

Mama, nilishtuka. Sikutegemea kusikia neno letu kule. Nikajua amejifunza ili anifariji kwa msiba. Machozi yakanitoka, nikamjibu, "Asante, baba." Akawa kama haridhiki, akaenda zake mbele.

Kilima cha pili, "Pole." Nikalia tena, nikamjibu asante. Cha tatu, hivyo hivyo. Tukishuka yeye kimya kabisa, tukipanda tu, "Pole!" Mpaka nikawaza, mzee huyu mbona kila mlima ananianzishia msiba upya? Huruma gani hii inayokuja kwa mwinuko?

Unajua watu wa huku hawana neno hilo. Kiwandani mwenzangu aliangukiwa na trei mguuni, nikampa pole kwa Kiingereza chao, akaniambia, "Unaniomba radhi ya nini? Wewe hukuiangusha." Tangu hapo nimezoea kunyamaza. Sasa huyu mzee ananimwagia mwaka mzima wa pole kwa asubuhi moja.

Kwenye kilima cha mwisho, kabla ya kufika juu, alisimama kando ya ua wa miti akagusa majani kwa kiganja. Nikajua ndipo hapo. Nilipiga magoti, nikasali ile sala uliyonituma, tukakokota baiskeli hadi juu. Claire alikuwa ameshafika na gari lake.

Mzee akamwambia jambo, naye akaniuliza, "Baba anauliza, kwa nini kila akikwambia pole unalia? Na kwa nini hujibu inavyotakiwa?"

"Inatakiwa nijibuje?"

Akaeleza. Lusungu ndiye aliyewafundisha kundi zima. Ukimkuta mwenzako anahangaika na mlima usimpite kimya kama gari, mpe pole. Na aliyechoka lazima ajibu "nishapoa", hata kama bado anahema. Wanalijua kama neno la mlima tu. Hakuna aliyewaambia kwamba ni la msiba pia. Wakati huo wote mzee alikuwa akinipa pole ya miguu, na mimi naipokea ya kaka.

Nilicheka, Mama, kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya kifo. Nikamweleza Claire kwamba kwetu neno ni hilo hilo moja, kwa mlima, kwa kazi, kwa homa na kwa kifo. Akamfasiria baba yake. Mzee akavua kofia, akakaa chini kwenye changarawe, ndipo akanisimulia.

Siku ile Lusungu alitangulia kidogo. Mzee Marcel alipomfikia alimkuta amekaa majanini, baiskeli ameilaza vizuri kama mtu anayepumzika. Akamwambia, "Pole." Kaka akainua uso, akatabasamu, akamjibu, "Nishapoa." Mzee akaketi pembeni yake. Kaka akamwegemea begani. Mzee alidhani ni uchovu, akaacha bega lake hapo hapo. Wengine walipofika ndipo walipojua kwamba moyo umesimama.

Basi hilo ndilo jibu, Mama. Hakuwa peke yake. Alikuwa ameegemea mtu, na neno lake la mwisho lilikuwa la kwetu.

Kaburi lake liko huko huko juu ya kilima, karibu na kanisa dogo. Ndani ya makaburi kuna bomba la maji, na waendesha baiskeli wote wa njia ile hujazia chupa zao hapo. Kila Jumapili wanapita kwake wakihema. Mzee Marcel alinijazia chupa mimi kwanza, akanipa, akasema, "Pole." Safari hii tulijua wote ni ipi. Nikamjibu inavyotakiwa.

Nisalimie shangazi anayekuletea kuni, mjomba fundi cherehani, na wanao wote, Tumaini. Neema amesimama hapa nyuma yangu, anasema kwa Kiswahili, "Mwambie Bibi pole." Ni neno lake, sikumfundisha leo.

Mama, nakuomba tumalize matanga. Majirani wakija tena kukupa pole, wajibu kama alivyojibu mwanao, hata kama bado unahema. Na siku hiyo mtakapokusanyika, mnitaje na mimi.

Binti yako,
Atupele