Ramani za Miguu ya Dada

S.L.P. 417,
9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Unaendeleaje na baridi ya huko? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Sisi tu wazima, na Mama hajambo, bado anagombana na redio.

Sasa habari za dada. Unayakumbuka yale manundu ya miguuni, yaliyokuja na homa, yakaondoka, yakarudi? Miaka sita tuliambiwa ni majipu. Yalipasuliwa, yakakandwa kwa maji ya moto, wala usaha haukutoka. Safari hii alishindwa hata kusimama. Akaniambia, "Mimi sitembei tena, mdogo wangu." Niliogopa, Mjomba.

Unanijua, fundi cherehani mie, sioni kitu nisikipime. Kila yalipomtokea nilimfunika miguu kwa karatasi ya kukatia nguo, nikachora kila nundu na tarehe yake. Mama aliniita kichaa. Tulipokwenda hospitali niliziviringisha zote, nikazibana kwapani kwa haya.

Daktari wa ngozi alizitandaza sakafuni, akavua viatu, akapiga magoti katikati yake. Alipitisha kidole: hapa nundu, mwaka uliofuata hapohapo kibonyeo, na nundu jipya pembeni. Mwishowe akasema, "Fundi, haya si majipu. Yanayovimba ni mafuta ya chini ya ngozi. Ugonjwa wenyewe nimeusoma vitabuni tu, sijawahi kukutana nao." Akakata kipande kidogo, kwa kina, hadi kwenye mafuta, na darubini ikasema vilevile. Miaka sita nilikuwa nachora nisichokijua.

Amepewa vidonge vya kutuliza uvimbe. Siku ya nne homa ilishuka. Wiki ya pili manundu yakaanza kunywea, nami kila asubuhi nilikuwa nayagusa nikitikisa kichwa, siamini. Sasa anakula kutushinda wote, uso umejaa, gauni zake nimeshazitanua mara mbili. Daktari hakutuficha: ugonjwa unaweza kurudi, na vidonge vinapunguzwa polepole, asithubutu kuviacha mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Shemeji mwalimu pia, na pacha wao wanauliza utakuja lini. Mungu akutunze utokapo na uingiapo.

Ni mimi nikupendaye,
mpwa wako, fundi.

N.B. Dada ameninyang'anya bahasha. Anasema ataipeleka posta mwenyewe, kwa miguu. Ikichelewa usiwalaumu watu wa posta. Atakuwa njiani anamsalimia kila mtu.