Samaki Niliomchagulia Shuruki

Kwa dada yangu Inshirahi,

Amani ikushukie wewe na wote waliomo nyumbani kwako hapo Damanhuri. Magoti yanasemaje? Na yule paka wako mwizi, bado yupo? Mimi namshukuru Mungu, nala, nalala, nagombana na majirani, basi jua kwamba ni mzima. Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu yako unaipaza sauti mpaka wakamwana wako wote wananisikia, na haya ninayokuandikia si ya masikio ya wakamwana.

Ni juu ya Shuruki, mke wa Rifaat. Najua utasema, "Tafida, umeanza tena." Ndiyo, nimeanza tena. Wivu ninao, dada, sifichi. Mwanangu wa pekee, niliyemlea peke yangu tangu baba yake afariki, leo hata akikohoa anamtazama mkewe. Tangu wahamie nyumba yao ya ng'ambo ya mfereji nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu: Ijumaa. Baada ya sala Rifaat huja kwangu kula perege wa bwawa alilolichimba marehemu baba yake. Nawapaka pumba, nawachoma, nawakamulia ndimu, kama anavyopenda. Shuruki naye huja. Anakula kidogo na kusifu sana, na hata kusifu kwake kunanikera.

Basi majira ya machipuko Rifaat akaniletea habari kwamba wamechimba bwawa lao. Nikamuuliza la nini. Akasema Shuruki amezoea bwawa, baba yake kule Kafru Sheikhi ni mfugaji wa samaki. Nikamwambia basi akaombe samaki kwa baba yake. Akacheka, akasema kule ni mbali, joto litawaua njiani, wao wanataka samaki wa mbegu kutoka kwangu. Mbegu! Dada, neno hilo lilinichoma. Amechukua mtoto, sasa anataka na samaki! Na wakishakuwa na samaki wao, Ijumaa watakuja kwangu kufuata nini? Chumvi?

Sikukataa. Ningekataa, mtaa mzima ungesema Mama Rifaat ana roho mbaya. Nikawaambia waje asubuhi mapema, jua halijawa kali, na siku iliyotangulia samaki sikuwalisha, maana aliyeshiba huchafua maji ya pipa na kuwaua wenzake. Rifaat akaingia na wavu, maji yakimfika kiunoni. Shuruki akashika upande wa pili, gauni amelipandisha na kulifunga, hana haya, na walivyokuwa wakicheka wale wawili! Mimi niko ukingoni na beseni mapajani. Nikawaambia wasiingilie, nitachagua mwenyewe. Kila samaki nilimgeuza, nikamtazama tumboni, huyu nikamtia kwenye pipa, huyu nikamrudisha bwawani. Jirani yangu Wagida akasimama kunitazama, akasema, "Haya, mkamwana mwenye bahati huyo! Mimi ningemjazia ndoo tu aende zake." Nikamjibu kwamba mtoto wa watu anastahili walio bora.

Mapipa yakapakiwa kwenye mkokoteni wa punda, nami nikaandamana nao. Kabla ya kuwaachia nilisimamia mpaka wakachanganya maji ya bwawa jipya ndani ya mapipa kidogo kidogo, samaki wasishtuke. Hilo nililifanya kwa moyo mweupe. Samaki hawakunikosea kitu.

Kiangazi kikapita. Ijumaa waliendelea kuja, nami nikiwatazama usoni kutafuta dalili. Kumbe! Ijumaa iliyopita Shuruki akaingia na sinia limefunikwa kitambaa. Akalifunua. Perege, dada, kila mmoja kama soli ya kiatu cha Rifaat, mgongo mnene, wamenona. Na wangu mimi? Bwawa zima limejaa visamaki vya urefu wa kidole, vinapigania chakula, havikui. Sasa mtaa mzima wanasema Mama Rifaat amejinyima ili mkamwana anenepeshe samaki. Mke wa imamu amenitolea mfano mbele ya wanawake, eti mama wakwe wote waige kwangu. Wagida alinibusu kichwani! Nilitamani ardhi ipasuke.

Maana ukweli, dada, ni huu. Niliwatia madume matupu. Hakuna jike hata mmoja aliyeingia kwenye yale mapipa. Dume na jike wa perege nawajua kwa kuwatazama chini ya tumbo tu, marehemu alinifundisha. Nilikusudia wasizae. Nilisema moyoni, watakula samaki wale mpaka waishe, bwawa libaki na vyura, na mwanangu atarudi mezani kwangu bila mtu kumlazimisha. Nani aliniambia kwamba madume wakikaa peke yao hawana kazi ila kula na kukua, na wanaobaki na majike huzaana mpaka bwawa likose chakula?

Aliyeniambia ni Shuruki mwenyewe. Tulikuwa jikoni wawili tu Ijumaa hiyo, yeye anawapara samaki wake magamba, mimi nimenuna. Bila kuniangalia akasema kwao wafugaji hutafuta madume matupu kwa udi na uvumba. Akasema baba yake alitaka kumletea gari zima lenye matangi, bure, naye akamkatalia. Nikamuuliza alikataa kwa nini. Akasema alitaka watoke kwangu, Rifaat apate sababu ya kuja siku zisizo Ijumaa. Kisha akasema, "Siku ile nilikuwa naona unavyowageuza, mama. Nikanyamaza. Bwawa la madume halizai. Nikajua kila mwaka itabidi tuje kwako kuchukua wengine." Akainua macho, akatabasamu, akaniuliza ndimu ziko wapi.

Sasa niambie, Inshirahi, mtu kama huyo unamchukiaje? Wiki nzima najaribu, sijaweza.

Usidhani wivu umeisha. Rifaat alipoonja akasema samaki wa Shuruki ni watamu kuliko wote aliowahi kula, na nusura nimpige na mwiko. Lakini nimeshazungushia wavu pembe moja ya bwawa, na madume wachanga nimeanza kuwatenga humo. Machipuko yakija watanikuta tayari. Ila safari hii upande wa pili wa wavu nitashika mimi, niingie majini na mwanangu. Shuruki atakaa ukingoni na beseni, achague anaowataka.

Nisalimie watoto na wajukuu, na wakamwana wako, wote, hata yule mdogo unayemsema kila siku. Mtazame vizuri yule. Barua hii ukishaisoma fungia vitunguu, asiione mtu.

Mdogo wako,
Tafida