Vidole Vitatu

Jumanne, Februari 2014. Maplewood.

Kimefungwa kweli. Niliyesoma naye ameniandikia kutoka India: chuo chetu cha tiba ya asili, Ayurveda, kimekosa wanafunzi, na penye bustani ya dawa patajengwa maduka.

Wakati wa chai nilimsimulia Mama Neema, Mkongo ninayetunza wazee pamoja naye katika nyumba ya wazee huku ughaibuni. Mwanzilishi wa chuo alichoka kuona kila familia ya waganga ikifundisha wanawe tu, mzee akifa anazikwa na elimu yake. Akamfungulia mlango yeyote, hata mimi wa kutoka Kisumu. Kila asubuhi tulitibu maskini bure.

"Bon, haya, na huku unaponesha nani, dada?" akaniuliza.

Hakuwa na ubaya. Lakini niliudhika, nikamwaga chai yangu yote.

Huku cheti changu si kitu. Naogesha, navalisha, napima presha.

Jioni, nikijiandaa kumpima presha bibi mmoja, vidole vyangu vitatu vikajiweka vyenyewe kwenye mshipa wa mkono wake, vile mwalimu alivyotuzoeza kusoma ugonjwa kwa mapigo. Bibi akafumba macho, akatulia.

"Unasikia nini?" akauliza.

Nilisikia mapigo yamechoka. Nikaondoa vidole, nikamwambia tusubiri mashine ya presha iseme.