Uzi Ninaouacha Umelegea

Wakesho mjukuu wangu,

Barua yako imefika salama. Huku Mbololo mvua imenyesha, na nyanya yako anapanda maharagwe huku akilalamika kwamba hupigi simu.

Umeuliza kwa nini sikazi uzi mmoja wa zeze langu mpaka mwimbaji afike. Eti wenzako chuoni wanasema ni uvivu!

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa reli pale Voi, na kanisa letu likapata kinanda. Katika uimbaji wake, mama yangu alikuwa na sauti moja iliyokaa katikati ya vitufe viwili. Mwalimu wa kwaya akamwambia, "Mama, chagua hapa au pale." Mama akaacha kuimba.

Iliniuma. Nilimwomba aniimbie nyumbani wimbo aliomlilia nao dada yake alipofariki, kisha nikafungua kinanda na kukwangua kwa tupa ulimi mmoja wa shaba unaotoa sauti ndani yake, kidogo kidogo, mpaka ukalingana naye kabisa. Nikamsihi arudi kwenye kwaya.

Jumamosi kulikuwa na harusi. Mama akaimba, nami nikabonyeza kitufe changu kwa majivuno. Hakikulingana! Furaha ilikuwa imempandisha sauti juu kidogo. Akanigeukia akicheka: "Mwanangu, hiyo ni ya kilio."

Mwalimu alivyonikaripia, hayo tuyaache. Lakini tangu siku ile sikazi uzi huo kabla ya kumsikia mtu.

Ukija Desemba, usianze kunieleza habari zako. Imba kwanza, nami nitaukaza.

Babu yako