Mguu wa Kurudi Nyuma

Jumanne, Ifakara.

Bahati niliyonayo mimi, watu wa Dar wangeinunua. Kila ninachochora kwenye kompyuta, mashine inakichapa sawa kwa plastiki mara ya kwanza.

Leo ilikuwa zamu ya mguu wa bandia wa Mama Skola, mkulima wa Mchombe. Programu ndiyo inayopanga plastiki ngumu ikae wapi na laini wapi. Niliiambia mtu hutanguliza kisigino, ikaweka ugumu wote kisiginoni na vidole ikavilainisha. Karakana nzima ilimpigia makofi akitembea.

Tukaenda naye shambani. Kwenye tope vidole vilikunjika, akaanguka kitako majini na miche yake mkononi.

"Mwanangu, umeshaona mtu anapandikiza mpunga akienda mbele?"

"Shuleni hawakutufundisha, mama."

"Na kwenu hawalimi?"

Kwetu tunalima. Nimepandikiza kinyumenyume tangu utoto.

Miche yake inazeeka, na asipopanda wiki hii wajukuu hawatakuwa na chakula. Nimeiambia programu upya kwamba vidole ndivyo vinavyotangulia, imehamishia ugumu mbele. Sasa atatembeaje kurudi nyumbani, sijui.

Hiyo bahati ni uongo. Sijawahi kupatia kitu mara ya kwanza.